Haki ya Kuchuja: Funzo la Hataza Kutoka Masoko

Wazee wa Masoko husimulia kwamba Wajerumani, walipozidiwa katika Vita Kuu ya Kwanza, walizamisha silaha na fedha zao katika ziwa lililo jirani na boma lao. Kila mgeni huoneshwa maji yale na kuambiwa kuwa mali imo humo chini. Nilipokwenda huko hivi karibuni, nikitokea Tukuyu, nilioneshwa pia mali nyingine iliyozama, nayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Chini ya migomba ya fundi mmoja wa kuchomelea vyuma palikuwa na fremu ya mashine iliyoachwa nusu, imeanza kushika kutu. Yeye na wakulima wenzake sita walitaka kukamua mafuta kutokana na parachichi zinazokataliwa na wanunuzi wa nje kwa sababu ya udogo au michubuko. Walichangishana, wakanunua chuma. Kisha akaja mtu aliyejiita mshauri, akawaambia kwamba mashine za namna hiyo “zina hataza”, na kwamba wasipolipia kibali watashitakiwa. Fundi aliingia katika kanzidata ya hataza kwa simu yake, akaandika maneno mawili ya Kiingereza, akakutana na maelfu ya majibu. Akaweka chini mtarimbo wa kuchomelea.

“Mwalimu,” aliniambia, “dunia yote imekwisha kumilikiwa.”

Sentensi hiyo ni kosa, lakini ni kosa tulilomfundisha sisi wasomi kwa ukimya wetu. Hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na umma. Dola humpa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake kwa muda maalumu, ambao kwa kawaida ni miaka 20 tangu siku ya maombi. Naye, kwa upande wake, hulazimika kueleza uvumbuzi huo waziwazi, kwa maelezo na michoro, kiasi cha kumwezesha fundi wa taaluma hiyo kuutengeneza. Umma usioweza kuyasoma maelezo hayo umelipa bei na kuondoka dukani mikono mitupu. Siku hizi kuyasoma kunategemea kujua kuchuja, maana kanzidata kama Patentscope ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani na Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya zina nyaraka zaidi ya milioni 100 kila moja. Zote mbili hazitozi ada.

Tuliketi barazani tukachuja pamoja. Kichujio cha kwanza ni cha fani. Neno “parachichi” kwa Kiingereza huleta vipodozi, dawa za ngozi na visu vya jikoni. Uainishaji wa kimataifa wa hataza, ulioanzishwa na Mkataba wa Strasbourg wa 1971, huipa kila fani alama yake. Alama C11B inahusu uzalishaji wa mafuta na shahamu, na ndani yake C11B 1/06 ni ukamuaji kwa kushindilia. Ukiiweka alama hiyo pamoja na neno lako, vipodozi vingi vinaondoka.

Kichujio cha pili ni cha nchi, na hapa ndipo siasa ilipo. Hataza ina nguvu pale tu ilipotolewa. Iliyotolewa Marekani au Ujerumani peke yake haimzuii mtu wa Masoko kutengeneza na kutumia mashine hapa nchini. Linalomhusu ni hataza iliyosajiliwa Tanzania, au iliyotolewa na ARIPO, shirika la kikanda lenye makao Harare, na kuitaja Tanzania miongoni mwa nchi zake. Zile nyaraka zinazoanza na herufi WO ni maombi ya kimataifa. Hazijawa hataza popote, ingawa zinaweza kuzaa hataza baadaye katika nchi zilizochaguliwa.

Kichujio cha tatu ni cha tarehe na hali ya kisheria. Maombi yaliyowasilishwa zaidi ya miaka 20 iliyopita kwa kawaida yamekwisha muda. Mengine yalikataliwa, na mengine yalikufa kwa sababu mwenyewe aliacha kulipa ada za kila mwaka. Hayo yote yamebaki kuwa vitabu vilivyo wazi.

Orodha iliyomtisha fundi ikapungua hadi ikasomeka kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Faida kubwa tuliipata katika zile nyaraka za zamani ambazo hakuna anayezimiliki tena. Tulijifunza kwamba mafuta ya parachichi yamo katika nyama ya tunda, na kwamba nyama hiyo husagwa na kuvurugwa polepole katika joto la wastani ili matone ya mafuta yaungane kabla ya kutenganishwa, au hukaushwa kwanza ndipo ishindiliwe. Fundi aliitazama fremu yake kwa muda mrefu. Alikuwa ameiga mashine ya alizeti, ambayo hukamua mbegu kavu. Angeimaliza, ingemtolea uji.

Sitaki kuuza matumaini ya bure, kwa hiyo naongeza tahadhari mbili. Kwanza, ukimya wa kanzidata si cheti. Kabla ya kuwekeza fedha, sharti mtu aulize kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, ambako daftari la nchi limo. Pili, wanaotaka kuuza mafuta Ulaya lazima wachuje pia kwa nchi ya soko. Hataza ya njia ya uzalishaji iliyo hai kule inaweza kuyazuia hata mafuta yaliyokamuliwa Rungwe.

Najua wapo watakaosema kwamba nawafundisha vijana wizi. Nawajibu kwa historia. Uholanzi ilifuta sheria yake ya hataza mwaka 1869, ikakaa bila sheria hiyo hadi 1912. Ni katika kipindi hicho, mwaka 1891, Philips ilianzishwa Eindhoven na kutengeneza taa za umeme bila kuzuiwa na hataza za wageni. Na ni Uholanzi hiyohiyo ambako kampuni moja iliomba hataza juu ya usindikaji wa teff, nafaka ambayo Waethiopia wameila kwa karne nyingi. Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilikubali mwaka 2007. Ilibidi kusubiri hadi 2018 mahakama ya The Hague itamke kwamba hataza hiyo ni batili nchini Uholanzi kwa kukosa hatua ya uvumbuzi. Kwa hiyo kuchuja kunalinda pia. Anayejua kutafuta kwa jina la mmea na la mwombaji anaweza kuona mapema mkono unaonyooshwa kwenye ghala lake.

Lakini atafute kwa lugha gani? Maombi ya kimataifa ya hataza huchapishwa kwa lugha 10, na Kiswahili hakimo. Tunaisherehekea lugha hii kila Julai 7 kwa hotuba nzuri, huku fundi akihitaji kwanza Kiingereza ili apate ruhusa ya kujua kwamba hahitaji ruhusa. Hilo ni suala la haki ya raia, sawa na maji na barabara.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, naomba mambo mawili. Daftari la hataza za nchi yetu liwe jambo ambalo mwananchi wa kawaida anaweza kulipekua kwa Kiswahili, kwa nchi, tarehe na hali ya kisheria, akiwa na simu tu. Na ofisi za SIDO mikoani ziwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuketi na mafundi na kuchuja nao, kama bwana shamba anavyokwenda shambani. Kwa wanaharakati, nasema ulizeni bungeni nani anafanya kazi hiyo sasa. Kwa wanafunzi wa uhandisi na sheria, hasa mlio Mbeya, chagueni zao moja la wilaya yenu, tafuteni hataza zake zilizokwisha muda, mzifasiri kwa Kiswahili kinachoeleweka karakanani. Tasnifu ya namna hiyo itasomwa hata na wasiokuwa watahini wenu.

Nilipoondoka, fundi alikuwa ameanza kuikata ile fremu. Alisema chuma kitatosha kutengeneza pipa la kuvurugia, ila mota itabidi wachangishane tena. Yule mshauri, niliambiwa, ameahidi kurudi baada ya mavuno. Safari hii wamepanga kumwomba awaoneshe namba ya hataza, nchi ilikotolewa, na tarehe.