Bibi hakutaka kuchekwa

Wiki iliyopita ulitokea ugomvi nyumbani kwangu hapa Kitangari, na chanzo chake ni simu.

Binti yangu wa kidato cha pili alimrekodi bibi yake akibangua korosho uani, akaiwekea video muziki wa kuchekesha, akairusha kwenye kundi la wenzake. Kufika jioni watoto wa jirani walikuwa wanamwigiza bibi anavyokunja uso moshi ukimwingia machoni. Mama hakugomba. Alikula kidogo, akasogeza sahani, akaniambia, "Mwanangu, mikono hii ndiyo iliyokusomesha. Leo imekuwa kichekesho?"

Wazazi wenzangu, sikuwa na jibu.

Usiku nikakumbuka filamu ya Mtanzania mwenzetu, Flora M'mbugu-Schelling, aliyoitoa mwaka 1992. Jina lake la Kiingereza ni These Hands, yaani hayohayo maneno ya mama: mikono hii. Ni dakika 45 tu. Wanawake wamekaa chini kwenye machimbo ya Kunduchi, Dar es Salaam, wanaponda mawe kwa nyundo yawe kokoto za kujengea nyumba za watu wengine. Ni wakimbizi kutoka Msumbiji, na Kimakonde chao kwetu si kigeni, maana Ruvuma haijawahi kutenganisha ndugu. Vita vilivyovuruga nchi yao vilimalizwa kwa mkataba wa Roma Oktoba mwaka huohuo.

Katika filamu ile hakuna mtangazaji. Hakuna sauti ya msomi inayokuambia uwahurumie. Kamera inakaa nao tu, nyundo zinagonga, wanaimba, na wewe mtazamaji unachoka kabla yao. Nakiri mara ya kwanza nilitamani kuipeleka mbele. Flora hakuanzia hapo. Mwaka 1987 alishatoa Kumekucha, nayo inahusu wanawake wa Tanzania. Lakini ya Kunduchi ndiyo iliyonikaa.

Binti yangu alikaa na bibi yake kwa sekunde kumi na tano. Hakumwomba ruhusa. Hakuuliza hata kwa nini bibi anapaka majivu mikononi kabla ya kushika korosho.

Baba yake alitaka tumnyang'anye simu. Mimi nilikataa. Nilimwambia aifute video, awaombe wenzake waifute (wawili mpaka leo hawajaifuta, kwa hiyo waambieni watoto mapema kwamba kilichorushwa hakirudi chote), kisha akamwombe bibi radhi, na Jumamosi akae naye wabangue pamoja.

Alikaa asubuhi nzima. Mafuta ya maganda yalimbabua kidole, ndipo akajua kazi ya majivu. Nikiwa jikoni nilimsikia akiuliza maswali ambayo mimi sikuwahi kumuuliza mama: debe moja alilibangua kwa siku ngapi, na hela alimpa nani. Jibu la swali la pili lilinifanya niache kukuna nazi. Alikuwa anazificha kwenye chungu cha mbegu, babu asizione, mpaka itimie ada yangu.

Jua lilipopoa, bibi akamwambia, "Sasa washa hiyo simu yako. Uso usiuchukue. Chukua mikono."

Video hiyo haijarushwa popote. Bibi amesema kwanza aione mwenyewe, na miwani yake iko kwa fundi.