Moshi wa Msitu Hauishii Kifuani

Niliwahi kuwataka wanafunzi wangu wa isimu, mwaka wa kwanza, waorodheshe ubaoni viungo vinavyodhuriwa na moshi. Waliandika macho, pua, koo na kifua. Hakuna aliyeandika moyo. Sikuwalaumu, kwani lugha yenyewe imewatangulia katika kosa hilo. Tusemapo mtu "ana kifua" huwa tunakusudia kikohozi, pumu au hata kifua kikuu. Na asemapo "moyo unaniuma", sisi humwuliza amefiwa na nani. Moyo wa Mswahili hupenda, huhuzunika na hukata tamaa, lakini ni nadra kuugua.

Sayansi yatueleza vingine. Moto unapoteketeza msitu au nyika, moshi wake hubeba chembechembe zisizozidi mikromita 2.5 kwa upana; unywele mmoja wa kichwani huzishinda kwa unene mara 30 hivi. Pua haiwezi kuzinasa zote. Huteremka hadi kwenye vifuko vya hewa vilivyo ndani kabisa ya mapafu, zikachochea uvimbe huko, na zilizo ndogo zaidi huweza kupenya hadi katika damu. Hapo damu huelekea kuganda upesi, mishipa hubana, na mapigo ya moyo huenda mrama. Kwa mzee, au kwa yeyote ambaye moyo wake tayari una hitilafu, siku chache za moshi mzito zatosha kumletea mshtuko wa moyo.

Je, hayo yanatuhusu? Mlima Kenya uliwaka Machi 2012, na Aberdare ikawaka Februari 2022. Miezi hiyo ya kiangazi ndiyo miezi ya muhula wa kwanza, wanafunzi wakiwa uwanjani. Anayekimbia huvuta hewa mara kadhaa zaidi ya aliyeketi, tena kwa kinywa, akiipita pua ambayo ingalau ingechuja kidogo. Wala moshi haungoji mtu awe jirani na moto. Juni 2023 moshi wa misitu ya Kanada ulisafiri mamia ya kilomita hadi New York, na shule za umma za jiji hilo zikafuta shughuli zote za nje.

Kwetu sisi, uamuzi kama huo huachiwa mwalimu wa zamu, ambaye hana chombo cha kupimia hewa. Ana macho, hata hivyo. Kilima anachokiona kila asubuhi kikifichwa na moshi, na awarudishe wanafunzi darasani, madirisha yafungwe, mbio zingoje. Leso iliyoloweshwa maji, ambayo wengi wetu huiamini mno, haizuii chembe hizo. Na mwanafunzi atakayesema kifua kinambana asidhaniwe kuwa anakwepa mazoezi. Aketishwe, aulizwe kama ana pumu, kisha aulizwe pia mapigo ya moyo wake yanakwendaje.