Redio ya baba na tangi la maji

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, tulijiwa na mzazi mmoja wa mtaani kwetu akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka 14, na kwapani amebeba redio iliyofunguliwa. "Ustadhi," alisema, "hii ni redio ya tatu kuniharibia. Mseme wewe, la sivyo hivyo vyuma vyake navitupa jalalani."

Tulikuwa tayari kumsema. Tulimuuliza kijana alikuwa akitafuta nini ndani ya redio, akajibu kwa adabu kwamba alitaka spika na rezista, kwa kuwa hana fedha za kununua dukani. Ndipo tukaomba kuviona hivyo "vyuma" kabla ya kutoa hukumu.

Alivileta ndani ya kopo la maziwa ya unga: betri, nyaya, vitaa vya LED, ubao wa plastiki wenye vitundu vya kuchomekea vifaa bila kulehemu, na bodi ya buluu iitwayo Arduino, aliyonunuliwa na mjomba wake. Bodi hizi zilianza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa walimu waliotaka wanafunzi wa usanifu, wasio wahandisi, waweze kuunda vitu vinavyohisi na kuitikia: taa inayowaka giza likiingia, kengele inayolia mlango ukifunguliwa. Ni kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi. Huandikiwa maelekezo kwenye kompyuta ya kawaida, yakahamishiwa humo kwa waya, nayo huyarudia bila kuchoka.

Kwa kiburi cha utu uzima tulichukua kitaa kimoja tukakiunganisha moja kwa moja na betri ya volti 9. Kiliwaka kwa ukali mara moja, kikazimika kisiwake tena. Kijana alitutazama kwa huruma. "Ustadhi, rezista imesahaulika." Kisha akatupigia hesabu: bodi hutoa volti 5, kitaa chekundu huchukua takriban 2, zinabaki 3, ukizigawa kwa omu 220 unapata mkondo wa karibu miliampea 14, ambao kitaa hukihimili. Na huyu ndiye mtoto ambaye shuleni husemwa kuwa hapendi hesabu.

Hata hivyo, baba hakukosea katika yote. Redio ile hutumia umeme wa ukutani, volti 230, na kijana aliifungua peke yake, usiku, watu wamelala. Volti 5 za bodi hazimdhuru mtu. Za ukutani huua. Wala kuchomoa waya peke yake si salama, kwani kapasita zilizomo ndani huweza kubaki na chaji baada ya umeme kukatika. Hapo tulimsema kweli kweli, naye akainamisha kichwa. Tukapatana kwamba chochote kinachochomekwa ukutani hakifunguliwi bila fundi kuwapo, na baba naye aliache kopo la maziwa mahali pake.

Kisha tukampa kazi. Tangi letu la maji ya udhu hufurika alfajiri kwa sababu mwenye zamu ya pampu husinzia (na mwenye zamu, mara nyingine, ni sisi). Kijana alifunga chini ya mfuniko kihisi kinachopiga sauti isiyosikika na sikio la mwanadamu, kikangoja mwangwi urudi kutoka kwenye maji. Muda wa safari hugawanywa kwa mbili, kwa kuwa sauti imekwenda na kurudi, na kwa kuwa husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kina cha maji hujulikana. Siku mbili kilifanya kazi vizuri. Usiku wa tatu kengele ililia saa nane na kuamsha mtaa mzima, ilhali tangi lilikuwa nusu. Mvuke wa maji ulikuwa umetanda juu ya kihisi. Wapo waliotutaka tuachane na mchezo huo.

Kijana hakuachana nao. Alirudi na chupa tupu ya plastiki, akaifanya boya: maji yakipanda, boya hupanda, likabonyeza swichi, kengele ikalia. Tulimsimulia habari za al-Jazari, fundi wa Diyarbakir aliyekamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, na ambaye katika chombo chake cha kunawia mikono aliweka maboya yanayolitokeza sanamu linalomletea mtu sabuni, kisha jingine lenye taulo. Alisikiliza, kisha akauliza maboya hayo yalikuwa na ukubwa gani. Hatukuwa na jibu.

Kengele hiyo huita mtu tu; haizimi pampu. Kuizima kwahitaji kugusa umeme wa ukutani, na kazi hiyo tumemwachia fundi mwenye leseni, kijana akiwa pembeni akitazama.

Juzi kabla ya Maghrib tuliwakuta wote wawili kwenye tangi, mwana juu ya ngazi, baba ameishika ngazi kwa mkono mmoja na tochi kwa mwingine. Redio bado haijatengenezwa. Tulipokuwa tukiondoka baba alituita kwa sauti ya chini: "Ustadhi, hivyo virezista, huuzwa kimoja kimoja au kwa pakiti?"