GIZA SI KUDRA



Mashua ya wavuvi ikigongwa usiku na chombo kikubwa, neno la kwanza lisemwalo matangani ni kudra. Wakubwa hulisema wakiwa jamvini na kikombe cha kahawa mkononi, nasi huliitikia kwa kuinamisha vichwa. Sisi hatuikanushi kudra, wala hapana aliyekaa chuoni akafundishwa kuikanusha. Lakini twauliza: jee, ni kudra iliyomtoa mvuvi dikoni magharibi hali chombo chake hakina hata taa moja? Ni kudra iliyompa leseni? Ni kudra iliyomuuzia waya mbovu? La. Hayo yote ni kazi ya mikono ya watu, na watu huulizwa.

Sheria ya jambo hili si siri. Kanuni za kimataifa za kuepusha migongano baharini zilipitishwa London mwaka 1972, zikaanza kutumika tarehe 15 Julai, 1977. Zasema hivi: chombo cha tanga kiwapo safarini usiku kionyeshe taa nyekundu kushoto, taa ya kijani kulia, na taa nyeupe tezini. Kila taa ya ubavuni imulike tokea mbele moja kwa moja hata nyuma kidogo ya ubavu, yaani digrii 112.5, na ya tezi imulike digrii 135. Zijumlisheni tatu hizo, mtaona kuwa duara imetimia, digrii 360, pasina mwanya. Chombo cha mashine kisichofika mita 12 chaweza kuweka taa moja nyeupe juu, ionekanayo pande zote, pamoja na hizo mbili za rangi. Na kile kidogo kabisa cha tanga, kisichotimiza mita 7, kikiwa hakiwezi kuzichukua, hakikusamehewa: sharti kiwe na kurunzi au kandili nyeupe tayari, ya kuonyeshwa mapema kabla ya mgongano.

Hekima yake ni kuwa taa ni ulimi wa chombo. Nahodha wa boti ya mashine akiona taa nyekundu ya boti nyengine ikikata njia yake kutoka kuliani kwake, ajua kuwa yeye ndiye wa kupisha. Akiona nyekundu na kijani pamoja, ajua kuwa chombo chaja usoni kwake. Asipoona kitu, hajui kitu. Na tufanye hesabu: boti iendayo maili 30 za bahari kwa saa huimaliza maili moja kwa dakika 2. Taa ya ubavuni ya chombo kidogo yatakiwa ionekane maili moja. Basi maisha ya mvuvi na wanawe yamo ndani ya dakika hizo 2. Na asiye na taa hana hata hizo.

Sasa twawageukia wenye ofisi. Sisi tunao majirani waendao kulipia leseni za vyombo vyao mwaka baada ya mwaka. Huulizwa urefu wa chombo, huulizwa idadi ya mabaharia, huulizwa stakabadhi ya mwaka uliopita. Hapana hata mmoja kati yao aliyetuambia kuwa ameulizwa: taa zako zi wapi? Fedha hupokewa mchana, karatasi hupigwa muhuri mchana, ilhali hatari i usiku. Hii ni biashara ya namna gani? Sisi wenye duka tukipokea fedha bila kutoa bidhaa, twaitwa wezi.

Mwaka 2011, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, MV Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba hali imejaza watu kupita kiasi, na tume ikaundwa. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Misiba ile haikutokana na taa, wala hatusemi hivyo. Twasema kwamba wakifa mamia, dunia husikia na wakubwa huulizwa. Wakifa wawili ndani ya ngalawa, husikia mtaa wao tu. Lakini mjane wa ngalawa na mjane wa meli huvaa kaniki moja.

Ama sisi wenyewe hatuwezi kunyoosha kidole tukaficha mkono. Sisi tuandikao haya tu watu wa duka, na dukani petu ule waya mwembamba wa redio umepimwa kwa pima ukauzwa kwa watu tuliojua kuwa wanakwenda kuutia chomboni. Hatukusema neno, tulipokea fedha. Mmoja wao alirudi baada ya kaskazi moja, kaushika mkononi: nje mzima, ndani umekuwa unga wa kijani. Dhuluma ile twaikiri mbele yenu, ili tupate uso wa kuwalaumu wengine.

Basi yajulikane yapasayo. Chombo cha bahari chataka waya wa nyuzi nyingi za shaba zilizopakwa bati, kwani shaba tupu huliwa na chumvi. Usiwe mwembamba, maana umeme hupotea njiani, na taa ya omo hubaki kama kimulimuli. Fyuzi iwekwe jirani na betri, kwenye waya wa chanya. Sehemu iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi, ikigusana huwasha moto. Maungio yasisokotwe kwa vidole yakavingirishwa tepu. Yabanwe sawasawa, yafunikwe kwa mpira ujikazao kwa moto, yapakwe grisi. Waya zipitazo karibu na dira zisokotwe pamoja, zisiipotoshe sindano. Taa za ubavuni zikingwe kwa ubao, nyekundu isionekane kulia wala kijani kushoto. Na nyeupe ya juu isiwekwe mahali ambapo foromali na tanga zitaifunika.

Kuhusu gharama, sikilizeni. Balbu 3 za zamani za wati 10 hula ampea 2.5 katika betri ya volti 12. Betri ya pikipiki ya ampea-saa 7 haiwezi kuzilisha hata saa 3, na alfajiri ingali mbali. Taa 3 za LED za wati 2 kila moja hula nusu ya ampea tu. Betri ile ile, hata ikitumiwa nusu yake, huzilisha saa 7. Ila asije mtu akatia LED nyeupe ndani ya kioo chekundu au cha kijani cha taa ya zamani; rangi hugeuka, na taa ya rangi isiyojulikana ni shahidi wa uongo.

Wako watakaosema: mbona wazee wetu walisafiri bila hayo? Wazee wetu walipishana na vyombo vya upepo, ambavyo nahodha husikia tanga likipiga kabla hajaliona. Wako watakaosema: tunazo karabai za dagaa. Karabai huwaita samaki. Haimwambii mtu chombo kinaelekea wapi, na mwanga wake huweza kuzifunika taa zenyewe.

Kwa hivyo twadai, wala hatuombi. Taa ziwe sharti la leseni, na zikaguliwe dikoni baada ya jua kuchwa, si mezani. Ushuru wa taa na waya za vyombo vidogo uondolewe, ili sharti lisigeuke kuwa adhabu ya maskini. Kila diko lipatiwe fundi aliyefunzwa kazi hii. Nasi wanachama tusingoje: kila tawi lichague vijana wawili wajifunze, na kila mwenye duka aache kuuza kwa mvuvi waya asioweza kuutia katika chombo atakachopanda mwanawe.

Tukishayatenda yaliyo mikononi mwetu, ndipo tutakapokuwa na haki ya kulitamka neno kudra. Kabla ya hapo, tunamsingizia Mola.