Kiti cha Mshika Usukani

Askari anayelinda maziwa ya nchi yetu hapigani kila siku, lakini kila siku huketi. Huketi saa nne, saa sita, pengine usiku kucha kutoka Entebbe hadi visiwa vya Ssese, au kutoka Ntoroko hadi katikati ya Ziwa Albert, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani na mwingine kwenye mkono wa gesi. Yeye ndiye aliyebeba roho za wenzake wote waliomo. Nasi leo twataka kusema habari za kile alichokalia, na hasa habari za yale yaliyo chini ya kile alichokalia, kwa maana huko ndiko yalikojificha mambo ambayo watu hawayatazami.

Wapo watakaoona kwamba kiti ni jambo dogo mno la kuandikiwa tahariri. Sisi pia tulikuwa na mawazo hayo, hadi siku tulipopata kupanda mashua moja ndogo ya doria, ambayo hatutaitaja wala hatutataja kituo chake. Kiti cha mshika usukani kilikuwa kizuri: kimeshonwa kwa ngozi nyeusi, kinazunguka, kimesimama juu ya nguzo moja ya alumini. Tulipoingia katika mawimbi, kijana yule akaanza kukaa kwa namna ya ajabu, goti moja limekazwa kwenye ubavu wa mashua, kana kwamba anamzuia punda asiyetaka kuingia zizini. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwa adabu: "Mzee, kiti hiki huwa kinatembea." Tulipofika gatini tuliinama kutazama. Kitako cha nguzo kilikuwa kimefungwa kwa skrubu nne za mbao, mbili zimelegea, moja haipo kabisa. Kijana alikuwa amekwisha kutoa habari mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa avumilie. Mara ya pili alipewa skrubu nyingine za namna ile ile, ndefu kidogo.

Tusimlaumu aliyempa skrubu zile kabla hatujaeleza kosa lenyewe, maana ni kosa la kutojua. Mtu akiona kiti hufikiri kwamba kazi ya sakafu ni kubeba uzito unaoshuka chini. Kwa kiti cha miguu minne cha nyumbani ni kweli. Lakini kiti cha nguzo moja ndani ya mashua inayokimbia ni mtaimbo. Yafaa tuhesabu. Askari pamoja na fulana yake na vifaa vyake ana uzito wa kilo 90, na kitovu cha uzito wake kiko kiasi cha sentimita 90 juu ya sakafu. Mashua ikikata kona au ikipigwa na wimbi la ubavuni, hata tukisema kwamba nguvu inayomsukuma upande ni nusu tu ya uzito wake, yaani kilo 45, nguvu hiyo inashika mtaimbo wenye urefu wa sentimita 90. Bolti za kitako ziko umbali wa sentimita 18 tu kutoka upande hadi upande. Basi zile mbili za upande unaoinuka huvutwa juu kwa nguvu ya kilo 225, yaani zaidi ya kilo 110 kila moja. Wala uzito wa mtu haupunguzi taabu hiyo sana, kwa sababu mara nyingi nguvu hiyo huja wakati ule ule mashua imeruka wimbi na mtu yu mwepesi juu ya kiti. Kisha mashua huanguka, na kitako hugongwa kuelekea chini. Kuvutwa na kugongwa, kuvutwa na kugongwa, mara elfu nyingi katika doria moja. Skrubu iliyoshika milimita 12 za plaiwudi, au milimita chache za faiba, haiwezi kuyastahimili hayo. Huanza kwa kuchezacheza kidogo, maji huingia, ubao huoza, na siku ya kung'oka haitoi taarifa.

Askari yeyote aliyepata kufyatua bunduki ya rashasha iliyosimamishwa juu ya miguu isiyokazwa ardhini atatuelewa upesi kuliko raia. Bunduki ni nzima, risasi ni nzima, mlengaji ni hodari, na bado risasi hazifiki zilikotumwa.

Na kiti kinapong'oka, hatari haiko katika maumivu ya kuanguka. Mshika usukani akianguka huku ameshika usukani, huuzungusha pamoja naye. Mashua hugeuka ghafla, wengine hutupwa majini, na injini ikiwa bado inavuma mashua huzunguka duara na kuwarudia wale wale walioanguka, na rafadha yake iko chini ya maji wasikoiona. Tarehe 5 Mei 2013, karibu na mji wa Padstow nchini Uingereza, watu sita wa familia moja walitupwa majini kutoka mashua ya mpira yenye kasi kubwa ilipokata kona. Kamba ya kuzimia injini haikuwa imefungwa mwilini mwa mshika usukani. Mashua ikazunguka bila mtu na kuwapiga waliokuwa majini, mpaka mtu mmoja kutoka mashua nyingine alipoirukia na kuizima. Baba na binti mmoja walikufa, na wengine wanne walijeruhiwa. Hatusemi kwamba kiti ndicho kilichosababisha maafa yale. Twasema kwamba mtu akishatoka mahali pake, kwa sababu yoyote ile, mambo hufuatana hivyo, tena kwa sekunde chache. Marekani tangu tarehe 1 Aprili 2021 imewalazimisha kwa sheria waendeshao mashua za chini ya futi 26 kutumia kamba hiyo au chombo cha kazi hiyo hiyo mashua inapokwenda kasi. Kwetu sisi kamba hizo tumeziona mara nyingi zikining'inia kwenye swichi, upande wa pili hazikufungwa kwa mtu. Hilo nalo ni la kukemewa kila asubuhi.

Sasa, kiti cha nguzo hufungwaje ili kishike? Kanuni kubwa ni moja: bolti ipite sakafu yote na kukutana na bamba upande wa chini. Skrubu huomba ubao umshike. Bolti yenye bamba huibana sakafu nzima katikati ya vyuma viwili. Bamba hilo liwe pana kuliko kitako cha nguzo, la alumini ya milimita 6 au zaidi, au ubao mgumu wa mashua uliopakwa vizuri usinywe maji, na pembe zake ziviringishwe, kwa sababu pembe kali huikata faiba polepole kama msumeno. Bolti ziwe za milimita 8 za chuma kisichoshika kutu, na nati ziwe zile zenye pete ya plastiki ndani, zisizolegezwa na mtikisiko. Nati ya kawaida ndani ya mashua ya injini hujifungua yenyewe, hilo kila fundi wa ziwani analijua, ingawa si kila fundi hulifuata.

Kabla ya kushika keekee, fundi ajue kilichopo chini ya sakafu. Katika mashua nyingi ndogo tangi la petroli liko hapo hapo chini ya miguu ya mshika usukani, pamoja na mipira ya mafuta na nyaya za umeme. Chini zaidi ni ngozi ya mashua yenyewe, na baada yake ni ziwa. Fundi mwangalifu huzungushia ncha ya keekee utepe ili ajue ametoboa kina gani. Asiye mwangalifu hujua kwa harufu ya petroli.

Mashua hazifanani, na hapa ndipo tuwaombapo mafundi wa vikosi wasiwe na dawa moja kwa magonjwa yote. Sakafu ya faiba mara nyingi ina moyo wa mbao laini au povu katikati ya ngozi mbili. Ukikaza bolti juu yake bila maandalizi, moyo hupondeka, na maji yakiingia kwenye tundu huenea pande zote na kuozesha sakafu nzima ingali inang'aa kwa juu. Dawa yake ni kutoboa tundu kubwa kuliko bolti, kulijaza epoksi, kungoja ikauke kabisa, kisha kutoboa tundu la bolti katikati ya epoksi hiyo. Ni kazi ya siku mbili, na watu hawapendi kungoja. Mashua ya alumini haina moyo wa kuoza, lakini chuma kisichoshika kutu kikigusana nayo penye maji, alumini huliwa; basi paweko washa za plastiki na dawa ya kutenganisha baina yao. Ama mashua zetu za mbao, zile za mbao ndefu zijengwazo kwa mtindo wa Ssese, mbao za sakafu huwa zimelazwa tu ili ziinuliwe wakati wa kukumba maji. Kufunga kiti juu ya mbao hizo ni sawa na kukifunga juu ya mkeka. Boriti nzito haina budi kulazwa kutoka taruma hadi taruma, ifungwe humo kwa bolti, na kiti kisimame juu ya boriti hiyo. (Mabaharia wa pwani waliotupa neno hili, taruma, walijua tangu zamani kwamba kila kizito ndani ya chombo hukabidhiwa mbavu, hakikabidhiwi sakafu.)

Kila tundu lijazwe dawa ya kuzuia maji kabla ya bolti kuingia, na bolti zikazwe kwa zamu, ya kulia kisha ya mkabala wake, zisikazwe moja kwa moja kwa kuzunguka. Baada ya doria ya kwanza zikaguliwe tena, kwa maana ndipo zinapokaa mahali pake.

Lipo na swali la mahali pa kukiweka. Kiti kikiwa juu sana mtaimbo hurefuka, na mashua ndogo hulemea upande. Kikiwa mbali na usukani mtu huketi ukingoni na kuikosesha nguzo uwiano. Viti vingine vya nguzo viliundwa kwa wavuvi wa starehe, vya kuketi mashua ikielea. Kanuni ya Baraza la Mashua la Marekani iitwayo H-31 huvitenganisha waziwazi viti vya kukaliwa mashua ikienda kasi na vile vya kukaliwa ikienda polepole tu. Kiti cha namna hii ya pili kikiwekwa kwenye mashua ya doria hakitapata nguvu zisizo zake hata kikifungwa kwa bolti kumi. Wanaonunua vifaa waulize swali hilo kabla ya kutia sahihi.

Tunazijua hoja za upande wa pili. Afisa mmoja mzoefu alitwambia kwamba mshika usukani hodari husimama, magoti yake yamekunjwa kidogo, na miguu hiyo ndiyo springi bora kuliko zote. Ni kweli katika mawimbi makali, na tunakubali vijana wafundishwe hivyo. Lakini hakuna miguu isimamayo hivyo kutoka magharibi hadi alfajiri, na aliyechoka ataketi tu, pengine saa ile ile hali inapoharibika. Wengine husema tungoje viti vya kisasa vyenye springi vya kulinda uti wa mgongo. Tungependa viwepo. Hata hivyo ni vizito zaidi, na vikiwekwa juu ya sakafu ile ile yenye skrubu zile zile, tutakuwa tumenunua kwa fedha nyingi kitu kizito zaidi cha kung'oka. Bolti nane, bamba moja na chupa ya dawa ya kuzibia ni gharama isiyozidi mafuta ya doria fupi.

Jambo tunalolitaka kwa wakubwa wa vikosi vya majini, vya jeshi na vya polisi, ni kwamba kiti kiingizwe katika karatasi ya ukaguzi wa kila siku, pamoja na mafuta, redio, fulana za kuokolea na kamba ya kuzimia injini. Katika karatasi tuliyoonyeshwa hakikuwemo, na kisichoandikwa hakikaguliwi. Ukaguzi wenyewe hauhitaji fundi. Askari akishike kiti kwa mgongo wake kwa mikono miwili, akisukume mbele, nyuma na pande zote kwa nguvu zake zote, huku mwenzake ameweka kidole penye ukingo wa kitako. Kidole kikisikia mchezo wowote, kiti ni kibovu. Wakitazame kama kuna nyufa nyembamba zinazotawanyika mfano wa utando wa buibui, au mchirizi wa kutu, au maji yanayotoka pembeni mwa bolti. Wahakikishe pia kwamba pini ya kuzuia kiti kisizunguke ipo na inaingia.

Na kijana atakayesema "kiti kinatembea" asiambiwe avumilie. Apewe haki ya kuliandika neno hilo kitabuni, na mkubwa wa zamu atie sahihi mbele yake kwamba ameliona. Mpaka bolti zitakapopatikana, kiti king'olewe kabisa na kuwekwa stoo, mashua iendeshwe na mtu aliyesimama, kwa mwendo mdogo na karibu na pwani, na isitumwe usiku. Kama kazi ya usiku haiwezi kungoja, itumwe mashua nyingine.