Mazoezi ya Nguvu kwa Njia ya Video: Tupime Kabla ya Kuiga

Ukipita jioni katika vitongoji vya kata ya Mwamanyili, wilayani Busega, si ajabu siku hizi kumkuta kijana ameegemeza simu yake juu ya kiti, naye yuko uani anainama na kuinuka kwa kumfuata mtu asiyemjua, anayehesabu kwa lugha asiyoielewa vizuri. Nyumba ya pili yupo karani aliyekwisha kuonywa na daktari kwamba uzito wake umezidi. Huyu hufanya vivyo hivyo chumbani, mlango ukiwa umefungwa, asije akachekwa. Na mama mtu mzima apitaye na ndoo ya maji kichwani huwatazama, akaguna: "Wanangu, nguvu hizo si mngezipeleka shambani?"

Guno la mama huyo lina hoja ndani yake, na hoja ya karani aliyejifungia chumbani nayo si ndogo. Ndiyo maana tumeona yafaa tulizungumze jambo hili leo. Hatuulizi kama mazoezi ni mema kwa mwili, maana hilo limekwisha kuamuliwa na wenye elimu. Tunauliza hivi: mafunzo ya kujenga nguvu yanayoletwa nyumbani kwa njia ya video yanamfaa nani, na mtu atajuaje kama yanamfaa yeye?

Kwanza tueleze kwa nini jambo hili si la mchezo.  Uchunguzi wa kitaifa wa maradhi yasiyoambukiza uliofanywa nchini mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban robo ya watu wazima waliopimwa walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kiasi kama hicho walikuwa na uzito uliozidi. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri kwamba mtu mzima ajishughulishe kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki kwa kazi ya wastani kama kutembea kwa haraka, na juu ya hayo afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 katika wiki. Wazee wenye miaka 65 na kuendelea walishauriwa siku 3 au zaidi za mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, ili wasianguke. Ushauri huo wa pili, wa misuli, ndio ambao wengi wetu hatujausikia. Tumezoea kudhani kwamba mazoezi maana yake ni kukimbia tu.

Sasa, mkazi wa mji mkubwa akitaka kuimarisha misuli huenda kwenye jumba la mazoezi, akalipa, akaelekezwa. Ndugu zetu wa Ukerewe na Ukara, ng'ambo ya Ghuba ya Speke, hawana njia hiyo nyepesi. Kumfikia mtaalamu wa viungo, kwa wengi wao, ni safari ya kivuko, nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima ya kazi iliyopotea. Hali ni hiyo hiyo kwa wengi wa visiwa vidogo vya Unguja na Pemba. Kwa watu hao video si anasa ya vijana. Yaweza kuwa mwalimu pekee wanayeweza kumpata. Kwa hiyo hatukubaliani na wale wanaoidharau moja kwa moja.

Wala jambo lenyewe si geni. Wajapani wamekuwa wakifanya mazoezi ya asubuhi kwa kufuata redio tangu mwaka 1928. Mwaka 1982 mchezaji wa filamu wa Marekani, Jane Fonda, alitoa mkanda wake wa kwanza wa video wa mazoezi ya nyumbani, na tangu hapo biashara hiyo haikurudi nyuma. Lakini kwa sababu ni biashara, hatuna budi kuitazama kwa macho mawili. Muuzaji wa nguo hakuulizi kama unayo nyingine nyumbani, na mwenye kutoa video hakuulizi kama goti lako zima. Kujiuliza ni kazi yako.

Jambo la kwanza la kujiuliza ni hili: siku yako inapita katika kazi gani? Mkulima wa pamba aliyeshika jembe tangu alfajiri, mvuvi aliyekesha akivuta nyavu za dagaa, na mama aliyebeba ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 za maji mbali na uzito wa ndoo yenyewe, wote hao wamekwisha kunyanyua uzito. Kuwaambia waongeze saa nzima ya kuruka na kusukuma ardhi jioni ni kuwaongezea uchovu. Wao wanahitaji kupumzika, chakula chenye kujenga mwili, na pengine dakika chache za kuunyoosha mgongo uliokunjwa kutwa. Hata hivyo tusiseme kwamba kazi ya jembe inatosheleza kila kitu. Kazi ya namna moja huutumia mwili kwa namna moja, na viungo vingine huachwa nyuma. Msimu wa kilimo nao una mwisho wake, na miezi ya kukaa hufika. Kwa mkulima, basi, video yaweza kufaa wakati wa kiangazi, nayo isifae wakati wa palizi.

Karani, mwalimu, dereva na muuza duka wako katika hali nyingine kabisa. Siku yao hupita juu ya kiti. Misuli isiyotumika hupungua, na upungufu huo huongezeka kadiri umri unavyosogea. Mtu huanza kushika meza ili aweze kuinuka, kisha hushika ukuta, mwisho hushika mkono wa mjukuu. Hao ndio hasa ambao mafunzo haya yanawafaa, na ndio tunaowasihi wayaanze kabla ya kuambiwa na daktari.

Jambo la pili ni hali ya afya. Mtu asiuamini mwili wake kwa sababu tu hausikii maumivu, kwani shinikizo la damu huweza kukaa miaka bila kupiga hodi. Anayekusudia kuanza kunyanyua uzito, hasa akiwa amevuka miaka 40, aende kwanza zahanati apimwe. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au kuzidi, azungumze na mganga. Kikifika 180 kwa 110, asianze hata siku moja kabla hajatibiwa. Sababu yake ni nyepesi kueleza: mtu anaposukuma kitu kizito huku amebana pumzi, shinikizo hupanda ghafla. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye kisukari, mwenye henia, mwenye mgongo au goti lililowahi kuumia, wote hao wanahitaji shauri la mganga. Mama mjamzito si mgonjwa, na mwendo humfaa, lakini naye amwulize mkunga ni mazoezi yapi ayafanye na yapi ayaache.

Jambo la tatu ni mafunzo yenyewe. Itazame video yote ukiwa umekaa, kabla ya kuinua hata mkono. Je, mwalimu anaanza na kuupasha mwili joto, au anakurukia tu? Je, anaonyesha namna nyepesi kwa anayeanza, au anadhani kila mtu ni askari? Je, anaeleza wapi magoti yawe, mgongo ukae vipi, na pumzi itoke lini? Je, ratiba yake ina siku za mapumziko, na uzito unaongezwa kidogo kidogo? Na je, anakuahidi nini? Anayekuahidi tumbo la jiwe kwa siku 10, au anayemaliza somo lake kwa kukuuzia unga wa kunywa, mwogope. Mwili hujengwa kwa wiki na miezi. Mwenda pole hajikwai.

Hapa nieleze lililonipata mwenyewe, kwa kuwa si haki kuwashauri wengine nikaficha kosa langu. Nilifuata video ya vijana nikiwa na umri ambao si wa vijana tena. Mwalimu alihesabu haraka, nami nikaona haya kubaki nyuma, ingawa chumbani hapakuwa na mtu wa kunicheka. Siku ya tatu kiuno kilikataa, na kwa wiki mbili nilishindwa kuinama kufunga viatu. Kosa halikuwa la video. Nilikuwa nimechagua nguo bila kujipima. Nikajifunza tofauti ambayo kila anayeanza anapaswa kuijua: misuli kuuma kidogo siku moja au mbili baada ya kazi mpya ni jambo la kawaida, lakini maumivu makali ndani ya kiungo, au kizunguzungu, au kubanwa na kifua, ni amri ya kuacha hapo hapo na kutafuta msaada.

Jambo la nne ni nyumba na mfuko. Vyombo ghali si lazima. Dumu la lita 5 lililojaa maji lina kilo 5 za maji, na ukitaka wepesi unapunguza maji. Kiti imara kinatosha kujifunzia kuketi na kuinuka, ukuta unatosha kusukumwa na asiyeweza bado kujisukuma kutoka chini. Kama bando la intaneti ni mzigo, pakua somo moja zuri mahali penye mtandao, ulihifadhi, ulirudie. Somo moja linalofanywa siku 2 kila wiki lina faida kuliko masomo 50 yanayotazamwa tu kitandani. Na ujipe wiki 3 au 4 za majaribio. Zikipita, ukiona unainuka kitini kwa wepesi, unalala vizuri, na hujatafuta visingizio kila jioni, mafunzo hayo yanakufaa. Ukiona unayachukia na maumivu hayaishi, yaache bila aibu, utafute mengine.

Hayo ni ya mtu na nafsi yake. Yapo pia ya Serikali, na hapa tunawaelekea viongozi wetu wa wilaya, wa mikoa na wa wizara.

Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki kwa muda wa wiki 12. Siri ya mafanikio yake haikuwa redio peke yake. Wananchi walikusanyika katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyefundishwa kazi hiyo. Walisikiliza kipindi, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kusafisha visima. Sauti ilitoka mbali, lakini mkono wa kuelekeza ulikuwa karibu. Jifya moja haliinjiki chungu.

Somo hilo tumelisahau katika zama za simu. Tumemwachia kila mwananchi video yake na chumba chake, kisha tunashangaa anapoumia au anapochoka baada ya wiki moja. Nia njema haijakosekana. Desemba 2016 aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Zanzibar nayo ina vikundi vya mazoezi vinavyokusanyika kwa wingi kila tarehe 1 Januari, na Bara ina mengi ya kujifunza kwao. Lakini siku moja katika mwezi haijengi msuli, na mbio za barabarani hazimfikii bibi mwenye goti bovu.

Tunapendekeza mambo matatu. Wizara za afya za pande zote mbili za Muungano ziandae masomo machache ya mazoezi ya nguvu kwa Kiswahili, yaliyopitiwa na wataalamu wa viungo: moja la wazee, moja la wafanyakazi wa ofisini, moja la akina mama baada ya kujifungua, moja la wakulima na wavuvi. Yatangazwe na TBC na ZBC, na yapatikane bure. Pili, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao jumuishi ulizinduliwa mwaka 2024, wafundishwe kuongoza vikundi vidogo na kumtambua asiyestahili kuanza kabla ya kutibiwa. Tatu, kila zahanati, na kwanza zile za visiwani, iwe na mashine nzima ya kupimia shinikizo la damu, kwani ni mzaha kumwambia mtu ajipime mahali pasipo na kipimo.

Wasukuma hawahitaji kufundishwa thamani ya kutumia nguvu pamoja. Ngoma ya bugobogobo, ambayo majembe hurushwa na kudakwa kwa mpigo mmoja, ilizaliwa na kazi ya shamba iliyofanywa kwa kikundi. Aliyechoka alibebwa na mdundo wa wenzake, na aliyekosea alionekana akasahihishwa. Hiyo ndiyo nafasi ambayo simu haiwezi kuijaza.

Basi kijana wa Mwamanyili aendelee, lakini ajipime kwanza. Karani afungue mlango, awaite wenzake wawili watatu. Na yule mama mwenye ndoo asichekwe wala asicheke: yeye amekwisha kufanya mazoezi yake ya leo, na kinachomfaa ni kijana mmoja wa kumpokea ndoo hiyo.