Nyama Nono na Kitambi: Yaliyoonekana China

Kitambi ambacho wengi hukiita neema kimewashughulisha sana wataalamu wa China. Huko, mwanamume ambaye kiuno chake kimefika sentimita 90, na mwanamke aliyefika 85, huhesabiwa kuwa na unene wa tumbo, japo mizani isimlaumu. Futi kamba ya fundi cherehani yatosha kukujulisha hali yako.

Katika uchunguzi wa afya na lishe ulioanza nchini humo mwaka 1989, watafiti waliitenga nyama nono na ile isiyo na mafuta. Wanaume waliokula nono kwa wingi ndio waliokutwa zaidi na kitambi. Steki haikuonesha hivyo. Kweli, nyama nyekundu ya Wachina wengi ni nguruwe. Lakini mla kondoo asijione yu salama, kwani shahamu ni shahamu.

Wala nyama isibebeshwe lawama zote: baiskeli imeiachia gari njia, na jembe limekiachia kiti cha ofisi nafasi. Mwongozo wa lishe wa China wa 2016 uliwakadiria watu wazima gramu 40 hadi 75 za nyama kwa siku, kuku akiwemo. Mishikaki ya jioni moja huvuka hapo kabla chai haijamiminwa.